Kadi Niliyoificha Shingoni kwa Mume Wangu

Mpendwa Mama Elinipa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nalima mihogo na mikorosho hapa Masaki, Kisarawe, na jambo linaloninyima raha mwanamke mwingine angelisimulia kwa kujidai.

Mume wangu, nimwite Wilbrod, ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa korosho, na mwezi wa tatu walichaguliwa watu wanane kwenda Vietnam kujifunza kubangua korosho kwa mashine, sasa Wilbrod ana kisukari, anajidunga insulini mwaka wa sita huu, lakini fomu ya safari ilipokuja, penye swali la ugonjwa akaandika "sina," nami nimesimama nyuma yake naona. Nikamwambia, Baba Dina, andika ukweli, na mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo niandike mimi. Akawaka. "Mtu hajapanda hata ndege umeshamlaza hospitali? Huo ni uchuro, Mama Dina!" Na kweli ndivyo tulivyo huku, msafiri unamwambia maneno mazuri tu, ukitaja ugonjwa au ajali wanakutazama kama wewe ndiye unayeileta, basi nikanyamaza, ila moyo haukutulia.

Nikachukua kadi yake ya kliniki nikaenda nayo hospitali ya Tumbi kwa nesi Eugenia, anayemhudumia siku zote, akaniandikia maelezo kwa Kiingereza: jina lake, kwamba ana kisukari, insulini anayotumia, kwamba akikutwa hajitambui huenda sukari imeshuka na aitiwe gari la wagonjwa haraka, na namba yangu ya simu ikianza na ile ya nchi. Karatasi hiyo nikaipeleka ikatiwa laminesheni, ikawa kadi ngumu isiyolowa. Wilbrod ana medali ya Bikira Maria aliyoachiwa na marehemu mama yake, haivui hata akilala, nikamshonea kifuko kipya cha kitambaa cha kuvaa shingoni, medali mbele, kadi nyuma, juu kifungo. Akafurahi mno, akasema safari imebarikiwa. Sikumwambia kilichomo.

Siku ya nne huko alijidunga asubuhi kama kawaida, akaletewa supu ya tambi, akaiona ngeni, akaiacha, wakaenda kiwandani, na ilipofika saa tano akaanguka kati ya mashine, jasho linamtiririka, hajitambui, wenzake wanalia tu kwa sababu hakuna aliyejua anaumwa nini. Msichana mmoja wa kiwandani akamlegeza shati ili apumue, akakuta kifuko, akafungua, akasoma. Gari la wagonjwa likaja, wakamtundikia dripu. Mama, simu yangu ikaita namba nisiyoijua, mtu anaongea Kiingereza, mara simu akapewa Latifu, mkulima mwenzake wa safari: "Mama, tulia, mzee kaamka, anauliza kama kuna ugali!" Nilipiga magoti hapo hapo shambani nikalia kwa furaha, na hata sasa nikiandika nalia. Kadi yangu ile!

Kosa langu ni hili. Nilimsihi Latifu airudishe kadi kwenye kifuko, na yeye na wenzake wasiseme neno. Wilbrod amerudi shujaa, anasimulia kila mahali kwamba madaktari wa kule waliujua ugonjwa wake bila kuambiwa na mtu, eti medali ndiyo iliyowanong'oneza, na Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna misa ya shukrani kigangoni kwetu ambapo atasimama kutoa ushuhuda huo. Wiki inayofuata kundi la pili linaondoka, yumo mdogo wangu Samweli mwenye pumu, naye ameandika "sina" kama shemeji yake. Nilipomgombeza akanijibu, "Dada, nami nitavaa medali, fomu ya nini?" Nikisema ukweli nitakuwa nimemwaibisha mume wangu kwa uongo wake, na atasema nilimzunguka. Nikinyamaza, Samweli je?

Mama Dina, Masaki.

MAMA ELINIPA ANAJIBU

Marahaba, Mama Dina. Kabla sijakugombeza, acha nipige kigelegele hapa Kibaha, majirani wanishangae wakitaka. Wewe uko shambani Masaki, mumeo yuko chini sakafuni Vietnam, na umemwinua kwa kipande cha karatasi na sindano ya kushonea! Kuna watu wanasafiri kila mwezi na mabegi ya magurudumu ambao hawajawahi kufikiria hilo. Hongera, tena hongera sana.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Kumfichia mtu kadi yake mwenyewe ni kucheza bahati nasibu. Je, kama angekivua kifuko akaoge? Je, kama yule msichana angeogopa kugusa kitu cha dini? Kadi ya dharura haifichwi, inaonyeshwa, na mwenye ugonjwa ndiye wa kwanza kujua ilipo. Halafu ukamziba mdomo Latifu. Hapo, mwenzangu, hukuwa unamlinda Wilbrod, ulikuwa unajilinda wewe na makelele yake.

Huo uchuro nimelelewa nao. Bibi yangu hakuruhusu hata neno "hospitali" litajwe siku ya safari. Lakini mumeo hakuanguka kwa kuwa ulitaja ugonjwa. Alianguka kwa kujidunga bila kula, na angeanguka hata kama nyumba nzima ingekaa kimya.

Mwambie mwenyewe, nyumbani, mkiwa wawili, kabla ya hiyo Jumapili. Usianze na fomu. Anza na ile simu na jinsi ulivyolia, kisha mpe kadi mkononi. Atawaka, tumeshamjua, mwache awake. Akimaliza, mwulize kitu kimoja tu: Samweli akibanwa na kifua ugenini, nani atawaambia madaktari? Na usibishane naye juu ya medali. Mwache amshukuru Mungu kwa nguvu zake zote, maana hata wewe Mungu ndiye aliyekupa wasiwasi ule.

Samweli, kama unasoma gazeti hili, omba fomu nyingine kesho na uandike pumu. Dawa yako ya kuvuta ikae mfukoni, si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, na ya akiba uwe nayo kwenye mkoba wa mkononi. Beba barua ya daktari. Kadi iwe ya Kiingereza na pia ya lugha ya huko, wenyeji wenu wawaandikie. Nakala ya pasipoti iache kwa dada yako. Namba za bima na za ubalozi ziandike kwenye karatasi, maana simu huzima siku ile ile unapoihitaji. Na ule unachopewa, hata kama ni tambi asubuhi!

Mama Dina, mwombe nesi Eugenia aje akae na kundi zima, kila mmoja aondoke na kadi yake na amwambie angalau mwenzake mmoja anaumwa nini. Wa kulisimamia hilo ni mwenyekiti, na mwenyekiti unalala naye nyumba moja.

Jumapili hiyo msimame wote wawili. Atoe shukrani zake, kisha aisome kadi kwa sauti, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, Samweli akiwa benchi la mbele. Sauti ikimkwama, ichukue kadi umalizie wewe. Waambie watu wa Masaki bila aibu: huyu ni mume wangu, ana kisukari, na yuko hai.