Taa ya Getini

Alhamisi usiku

Kamera nne za nini kwa nyumba yenye mlango mmoja? Muuzaji kule mjini hakuchoka. "Mathe, wezi wa siku hizi hawaogopi."

"Kwani umeambiwa naishi Kitisuru kwa matajiri?"

Akacheka, akanitolea taa inayowaka yenyewe mtu akipita, ya bei ninayoiweza. Tangu nimzike mume wangu Wekesa silali vizuri, kwa hiyo nikaichukua. Fundi ameifunga getini leo jioni. Paka wa jirani alipita chini yake, haikuwaka. Nikaridhika.

Giza lilipoingia, saa zile alizokuwa akirudi Wekesa kutoka kazini, ikawaka. Alikuwa na kawaida ya kupitisha mkono kwenye tundu la geti na kugongesha kufuli kabla ya kulifungua, ili nijue ni yeye.

Nilichungulia dirishani. Hapakuwa na mtu, wala upepo. Kufuli lilikuwa linabembea.

Nikampigia fundi. "Wacha woga, mathe. Kesho nakuja niipunguze ukali, isiwake ovyo."

Nilitaka kumwambia aje mapema. Nikajikuta namwambia aiache hivyo hivyo.