Nimekata Tiketi ya Dar es Salaam

Dada Monika,

Shikamoo. Nakuandikia stesheni ya Shinyanga, vumbi tupu. Nimekula matobolwa, vile viazi alivyochemsha na kuanika Mama, nikaikumbuka Ushirombo hadi machozi. Nikamgawia kijana wa rika langu, mchimbaji wa Geita anayerudi kwao mgonjwa wa kifua. Nikamweleza kuwa nimeitwa kusomea udaktari kote kuwili: Kampala miaka saba, au udaktari msaidizi Dar es Salaam, miaka mitatu.

Akakohoa sana, kisha akasema, “Kampala kuna heshima, ndugu yangu. Ila baada ya miaka saba, sisi utatukuta?”

Nikainuka, nikaenda dirisha la tiketi. Nimekata tiketi ya Dar. Mbembeleze Baba, najua alitaka Kampala. Nawapenda nyote, miaka mitatu si mingi.

Mdogo wako,
Paskali