Saga ya Ijumaa, Managu ya Kila Siku

Homa Bay
11 Februari 2024

Kwa dada Nyaboke,

"Saga ni gugu linalonuka. Mtu mwenye akili na shamba dogo hupanda managu." Hayo ni maneno yako ya Jumatano, kabla hujanikatia simu. Nimeyaweka juu kabisa, hata kabla ya salamu, ili usije ukayakana. Sasa nakusalimu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Wanao Beverlyne na Cliff ni wazima? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatuchoma. Barua hii ataileta Wangwe, yule mchuuzi wa samaki, muuza omena. Nimeamua kuandika kwa sababu karatasi haiwezi kukatiwa.

Haya, tuanze. Gugu ni mmea ambao hakuna aliyeuita. Saga ni mboga, nayo iliitwa. Mama aliipanda nyuma ya jikoni hapo Migori tangu tulipohama Kisii, na hakuna mwaka uliopita bila yeye kuinama pale, akivunja maua kwa kidole huku akitugombeza sisi bila kutuangalia. Managu yako ni mtoto wa kudekezwa. Inataka kitalu, inataka kuhamishwa jioni jua likipoa, inataka samadi na maji kila kukicha. Saga unaitupa kwenye udongo, unapitisha tawi juu yake, unaenda zako kanisani. Haiombi kitu isipokuwa jua, na maji yasisimame miguuni pake. Ukijaribu kuihamisha inakufa, maana ina mzizi mmoja mrefu na inaringa nao.

Tukija kwenye matumizi, ndiyo umeshindwa kabisa. Managu hupikwa leo ikaliwa leo. Saga ya mama ilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua, ikamiminiwa maziwa, ikafunikwa ilale. Sabato tukirudi kutoka kanisani na njaa, uchungu ulikuwa umekwisha kwenye chungu. Moto haukuwashwa na bado tulikula kama wageni. Na ulipomzaa Beverlyne, ukiwa huwezi hata kukaa, mama alikupikia nini mpaka maziwa yakaja? Managu?

Nimesikia unataka kung'oa tuta lake lote. Sijaona kwingine saga yenye shina la zambarau kama ile. Ukiing'oa, imekwisha duniani. Kama ni lazima, kausha mbegu kwanza unitumie.

Ndugu yako,
Osoro


Migori
9 Machi 2024

Kwa Osoro, mdogo wangu mwenye maneno,

Salamu nyingi. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio. Nawe unakula vizuri, ama unashiba magazeti?

Umesoma mpaka umesahau historia ya mdomo wako mwenyewe. Ni nani aliyekuwa akificha saga ndani ya ugali halafu anampelekea mbwa? Mama alikuuliza mbele ya mchungaji, "Osoro, ugali wako umeota majani?" Mchungaji alicheka hadi akatoa miwani. Leo mtu huyohuyo ni wakili wa saga.

Nisikilize mimi ninayeshika jembe. Shamba hili liko chini, mfereji unapita kando, na migomba ya jirani imekua, inatupa kivuli kuanzia saa nane. Saga ya siku hizi inarefuka kama mtu mgonjwa, inatoa maua ingali mtoto, na ukichelewa kuichuma hakuna majani tena. Managu hapa inanifika kiunoni. Nakata ncha, inachipua. Nakata tena, inachipua. Mluo akija anaiita osuga, Mkisii anaiita rinagu, Mkuria naye ana jina lake, na wote wanaondoka na fungu. Ni mboga ya kila siku, Osoro, na watu wanakula kila siku, si Sabato peke yake.

Halafu hebu niambie. Wewe ambaye hujafungua lango hili tangu tumzike mama, unanipangia matuta ukiwa wapi?

Hata hivyo si mimi wa kumaliza kitu cha mama. Nimekausha maganda yote yaliyokuwepo. Nusu ya mbegu iko kwenye kitambaa hiki, na nusu nimeipanda jana kwa sababu mvua imeanza. Nimekuwekea na mbegu za managu ujifunze adabu.

Dada yako mkubwa,
Nyaboke


Homa Bay
28 Aprili 2024

Dada,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Haijaota. Nilipanda siku ileile Wangwe aliponiletea, nikaipa jua lote la nyuma ya nyumba, mvua ikanyesha vizuri. Hata magugu nisiyoyajua yameota. Managu yako imeota pia, kwa kejeli. Saga ya mama, hata jani moja.

Uliikausha wapi? Juu ya bati? Nijibu. Najua ulivyo na haraka. Uliianika juu ya mabati jua la mchana ikaungua tumboni, kisha ukanitumia maiti kwenye kitambaa. Hukutaka iishi, ulishasema ni gugu. Kama iliyo kwako imeota, nitumie miche hata kama itafia njiani. Kama haijaota, basi umemzika mama mara ya pili.

Osoro


Migori
22 Septemba 2024

Osoro,

Salamu. Umesubiri jibu muda mrefu, na nilitaka usubiri.

Niliianika kwenye ungo, kivulini, kama yeye. Na kwangu pia haikuota. Mvua yote ya masika nilikuwa nikitoka asubuhi kuangalia kabla sijanawa uso. Nilipopata barua yako niliketi pale kwenye tuta nikalia, kwa sababu hayo uliyoandika nilikuwa nimeshajiambia.

Mwezi wa sita nilihamishia managu juu ya tuta hilo. Sikuweza kuendelea kuangalia udongo mtupu.

Nakuandikia leo kwa sababu Beverlyne ni mjamzito, atajifungua mwezi wa kumi na moja. Amerudi hapa nyumbani nimtunze. Juzi aliniuliza, "Mama, utanipikia ile saga aliyokuwa akipika nyanya, ya maziwa?" Nikamwambia ndiyo. Nitanunua sokoni. Lakini ya sokoni nimeionja, Osoro. Si ile.

Dada yako,
Nyaboke


Homa Bay
27 Oktoba 2024

Dada yangu Nyaboke, hujambo? Beverlyne hajambo? Salamu zingine baadaye. USIPALILIE LILE TUTA.

Mvua ya vuli ilianza huku wiki mbili zilizopita. Managu yako ilikuwa imekauka yote mwezi wa nane, nilikuwa naimwagilia kama mjinga na jua linaibabua. Jana nimekwenda kung'oa mabua yake nikaona tuta zima limejaa vijani vitano vitano, vimefunguka kama vidole vya mtoto. Shina la zambarau. Nimepiga magoti, dada, mtu mzima mimi, jirani yangu Caren akauliza ng'ambo ya ua, "Umeokoka tena, Osoro?"

Usiku sikulala, nikimfikiria mama. Unakumbuka vibuyu viwili juu ya meko? Kila alipovuna mbegu mpya, alizitia kibuyu kimoja akakitundika kwenye moshi, kisha akapanda za kibuyu cha pili, za zamani. Hakuwahi kupanda mbegu ya msimu uleule. Sisi tuliona vibuyu vile kila siku ya utoto wetu na hakuna aliyeuliza kwa nini ni viwili. Mbegu changa ya saga hulala, Nyaboke. Tuliiamsha kabla ya wakati, ikakataa, tukaanza kulaumiana kama watu waliofiwa.

Ya kwako iko chini ya managu. Weka jembe chini. Angalia kwa vidole. Lile neno la kumzika mama, nimelirudisha.

Ndugu yako,
Osoro


Migori
24 Novemba 2024

Osoro mdogo wangu,

Hatujambo, na tumeongezeka. Beverlyne amejifungua msichana juzi alfajiri. Mama na mtoto ni wazima. Ameitwa Nyakerario, jina la mama.

Wangwe alinikuta na jembe mkononi, nusu ya tuta nimeshalima. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi chini, nikaanza kuchambua udongo kwa kucha. Wangwe akauliza kama nimeangusha pete. Katikati ya managu nilipata miche michache, myeupe kwa kukosa jua. Yenye afya ilikuwa pembeni, kando ya njia, pale kivuli hakifiki. Kwa hiyo kwenye jua umesema kweli, na nakupa ushindi huo mmoja uufurahie. Ila ni mimea michache. Nimeiacha itoe mbegu, siwezi kuichuma.

Ya kwako ni nyingi, umesema. Usimpe Wangwe. Saga inanyauka kwenye gunia la omena, na Beverlyne hatakula mboga inayonuka samaki. Ilete mwenyewe, Ijumaa, kabla jua halijatua. Kama kinachokuzuia ni lango, nitalifungua mimi.

Nyaboke


Migori, meza ya mama
15 Desemba 2024

Kwa Beverlyne na Cliff,

Mko chumba cha pili, na bado nawaandikia, kwa kuwa mkisikia sauti yangu mnakumbuka kazi nje. Natumaini saga ya jana ilishuka vizuri. Mama yenu aliongeza chumvi, mimi nilikataa, ndiyo kelele mliyosikia. Cliff, nilikuona ukiificha ndani ya ugali. Mbwa wenyewe siku hizi wanaikataa.

Kibuyu nilichotundika juu ya meko kina mbegu mpya, zilizokauka kwangu kwanza, na chache za hapa. Msiziguse masika. Mwezi wa kumi, mvua ikishika, mzipande kando ya njia penye jua, na managu muiache chini kwenye mfereji, inakostawi. Mama yenu amekubali kwa maandishi, karatasi ninayo. Na kila mwaka mimea mitano mikubwa isichumwe, hata wageni wakija na njaa.

Lakini kibuyu ni kimoja, na vinatakiwa viwili. Beverlyne, wewe una mtoto wa kulisha. Cliff, wewe una shamba kule Kehancha na unalipanda tumbaku tupu. Naondoka kesho asubuhi. Kabla sijafika langoni, nataka nijue ni nani kati yenu atakitundika cha pili. Andikeni jina chini ya barua hii, mnirudishie.

Mjomba wenu,
Osoro