Kicheko Nyumbani kwa Haji Boru

Isiolo, baada ya mvua

Galgalo ndugu yangu,

Nimefunga duka mapema nikuandikie, na sina raha. Watu huwaandikia marehemu wao kuwaambia wamewakumbuka. Mimi nakuandikia kwa sababu nimeaibika, nikakuaibisha na wewe, na mji mzima unajua isipokuwa wewe.

Kwanza habari za nyumbani, maana ungeniuliza hizo kabla ya kitu kingine chochote. Mama yako alikaa hapa mjini, Wabera, mpaka watu wa matanga wakaisha, halafu akarudi Korbesa kwa mbuzi wake. Alisema mjini hawezi, kila anayepita anamtajia jina lako. Mtoto wako Halkano amepanda darasa. Mke wako alikataa kuuza sehemu yako ya duka. Walikuja watu kumshawishi, ndugu zako pia, akawaambia, "Duka ni la watu wawili. Mmoja amekufa, mahali pake nimebaki mimi." Sasa anakaa mbele anauza betri na kanda, mimi niko nyuma na nyaya zangu. Bado namwita Mama Halkano, naye ananiita shemeji, kama zamani.

Sasa nikwambie.

Haji Boru, yule wa ng'ombe, alimaliza nyumba yake ya mawe. Kijana wake alirudi kutoka Arabuni na televisheni kubwa na deki ya video. Haji akaja dukani mwenyewe. Unajua anavyoongea, kama yuko mnadani, kwa hivyo yeye nilimsikia neno kwa neno. Alisema, "Fundi, sitaki mashine mbili ndani ya nyumba. Nataka moja. Arusi ikija ipige muziki mpaka watu wacheze. Watoto wakiweka sinema, nisikie watu wanaongea nini." Halafu akasema angekuja kwako, lakini sasa mahali pako niko mimi.

Nilifurahi sana kuambiwa hivyo. Nakumbuka nilivyofurahi.

Kwa amplifaya sikukosea. Nilichukua ile kubwa nyeusi, kwa sababu ulinifundisha kwamba amplifaya ndogo ikilazimishwa kupiga kelele ndiyo inaua spika, lakini kubwa ikiongea polepole haiui kitu. Kosa lilikuwa kwa spika. Tulikuwa na jozi mbili dukani. Moja ni zile ndefu zenye tarumbeta juu, za kupeleka kwa mikutano. Nyingine ni zile za mbao zenye kitambaa usoni, ulizonunua Nanyuki kwa yule mzungu aliyekuwa anahama. Ulikuwa ukisema spika ipimwe kwa maneno kwanza, muziki baadaye. Spika inayojua kuongea itajua kuimba, lakini kuna zinazojua kuimba tu, na hizo ukiziwekea sinema utaona midomo inachezacheza huelewi kitu.

Nikafanya hivyo hivyo. Nikaweka mkanda wa sinema, nikakaa kwa benchi, nikasikiliza. Zile za mbao kwangu zilikuwa kama watu wanaoongea wakiwa wamejifunika blanketi. Nikageuza waya kwa zile za tarumbeta, nikaongeza sauti nyembamba mpaka kitufe kikakataa kuenda mbele. Hapo nikasikia kila neno. Nikasema, hizi ndizo. Mama Halkano hakuwa dukani siku hiyo, alikuwa ameenda shuleni kwa Halkano. Nilimaliza peke yangu, nikabeba kwa mkokoteni nikijisifu njia nzima.

Nyumba ya Haji ni mawe matupu, sakafu ya simiti, mabati juu. Wewe ungesema watandike mazulia kwanza na wapachike mapazia mazito, sauti isirukeruke ukutani kama mpira. Mimi sikusema. Niliweka spika kwenye pembe mbili za chumba, nikafunga waya, nikangoja wageni walioalikwa kuifungua nyumba.

Walikuja alasiri, baada ya sala. Wengine walitoka Korbesa, watu wenu. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Mama Halkano akiwa miongoni mwao. Nikaanza na muziki wa arusi, halafu nikaweka sinema ya Kihindi. Nikaona wanawake wanavuta shali zao juu ya masikio. Nikafikiri ni heshima, kwa sababu wanaume walikuwa wanaingia. Mtoto mmoja akatolewa nje amekunja uso. Nikafikiri ni usingizi. Nikauliza kwa sauti, "Mnasikia vizuri?" Mzee mmoja akaniinulia mkono, akasema, "Vizuri, fundi." Galgalo, spika zilikuwa zinawakata masikio kama wembe, na hakuna aliyetaka kuniaibisha mbele ya watu. Nilikuwa katikati ya chumba natabasamu, nikiongeza sauti.

Kisha Haji akanishika bega, akanivuta kando ya mlango. Aliongea kwa sauti ya chini, kitu ambacho hafanyi. Niliona midomo, niliona meno, nikaona macho yake yamelowa kidogo kama ya mtu anayetaka kucheka. Sikusikia neno hata moja. Na unamjua Haji kwa mizaha. Kwa hivyo nikacheka. Nilicheka kile kicheko changu cha siku zote, kichwa nyuma, mkono ukipiga paja. Nimekitumia miaka mingi kwa watu wanaoongea chini. Mara nyingi kinanifaa.

Haji akaondoa mkono wake begani kwangu. Watu wote walikuwa wamegeuka, maana wakati huo kwenye sinema palikuwa kimya na walikuwa wamemsikia. Mama Halkano akainuka, akachukua viatu vyake mlangoni, akaenda. Na mimi, nisijue nini kimetokea, nikaendelea kucheka kidogo ili nisionekane nimeacha ghafla.

Alichosema Haji ni hiki: "Laiti Galgalo angekuwa hai aone siku hii."

Sikukijua wakati ule, niliambiwa baadaye. Nilichojua ni kwamba wateja walianza kuingia dukani wakimuuliza Mama Halkano, na wakiambiwa hayuko wanaondoka. Hakuwepo siku nyingi, nami nikafikiri anaumwa. Pale wanapouza miraa, watu wangu wenyewe wa Meru walininyamazia nikifika. Baadaye ndiyo nikaja kujua walichokuwa wakisema: kwamba yule mwenzake Galgalo anacheka akitajiwa marehemu, amefurahi kubaki na duka. Nilitembea na maneno hayo mgongoni kwangu wiki nzima, nikisalimia watu.

Mama Halkano alirudi asubuhi moja nikiwa nyuma nachoma risasi, naunga waya kwenye redio ya mtu. Alikuwa amekuja na hasira zake, aliniambia mwenyewe. Alikuwa amepanga la kusema na alianza kulisema kutoka mlangoni. Mimi nikaendelea kuchoma risasi. Akakaribia, akaniita. Nikapuliza moshi. Akasimama nyuma yangu, akaita tena, na mimi nikawa ninaimba wimbo wa kanisani polepole. Nilimwona tu alipozunguka meza akasimama mbele yangu. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, amebaki na kitu kingine ambacho ni kibaya zaidi kukitazama.

"Shemeji," alisema, na akasema kwa nguvu, akifungua mdomo vizuri. "Hukusikia Haji."

Nilitaka kukataa. Nilianza hata kucheka. Halafu nikaweka ile pasi ya risasi mezani na nikalia mbele ya mke wako kama mtoto, mtu mzima mimi. Fundi wa sauti asiyesikia, Galgalo. Nani atamletea redio kiziwi? Ni kama kinyozi asiyeona. Nilimwambia yote: sauti nzito bado nazipata, lakini zile nyembamba zimeondoka moja moja miaka hii yote ya kusimama karibu na tarumbeta za mikutano na jenereta za arusi. Nyenje sijawasikia tangu sijui lini. Nikamwomba asimwambie mtu.

Ndipo akaniambia kwamba wewe ulijua.

Alisema ulijua tangu mwaka wa ule ukame mbaya. Ulimwambia nyumbani kwamba masikio yangu yanapungua, ukamkataza kulisema; lakini hakujua yamefika hapa, na siku ile kwa Haji hasira ilimsahaulisha. Ulisema, "Akijua tunajua, ataacha kazi." Na mimi hapo mezani nikaanza kukumbuka vile ulivyokuwa ukirudia maneno ya wateja. Mtu anaingia, anasema taabu yake, wewe unanigeukia unasema tena kwa sauti: anasema inakoroma, anasema kanda inakwama, anataka mpaka Ijumaa. Mimi nilifikiri unajionyesha kuwa ndiye mwenye duka. Siku moja nilikwambia uache kunirudia kama kasuku. Ulicheka. Kesho yake ukarudia tena.

Sijui nikushukuru ama nikulaumu. Nilikukasirikia pia, acha niseme ukweli. Ungeniambia, ningezoea mapema. Lakini nikijiuliza kama ningekubali, najua ningekuambia masikio yako ndiyo mabaya.

Nilisema nitaenda kwa Haji peke yangu. Mama Halkano akakataa. Alisema, "Ukienda peke yako atakujibu chini chini, na wewe utacheka tena." Tukaenda pamoja mchana, watu wakituangalia tangu dukani mpaka kwake. Njiani nilikuwa naomba Haji asiwe nyumbani.

Alikuwepo, kwenye veranda, na wazee wawili. Nilimsalimia salaam aleikum, akaitikia bila kuinuka. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuzunguka zunguka. Hayakuja. Nilisema, "Haji, sisikii. Siku ile ulipoongea sikusikia, nikafikiri ni mzaha. Nimekuwa hivi miaka mingi na nimeficha." Masikio yenyewe yalikuwa yanawaka moto. Wazee wale walitazama chini. Mama Halkano akasema, "Ni kweli. Galgalo alijua."

Haji alikaa kimya sana. Nilifikiri amesema kitu na sikusikia, nikamwangalia Mama Halkano, akatikisa kichwa kwamba hapana, hajasema. Kisha akainuka, akaja karibu, akaweka mkono pale pale begani, akainama kwa sikio langu. Akasema kwa ile sauti yake ya mnadani, barabara nzima ikasikia: "Laiti Galgalo angekuwa hai aone siku hii."

Nikamjibu, "Ni kweli, Haji. Laiti." Tukasimama hivyo.

Spika tulizibadilisha wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa mikono, Mama Halkano akawa masikio. Alikaa kwa mkeka katikati ya chumba, mahali Haji hukaa, nami nikafunga zile za mbao. Niliziondoa pembeni, maana pembe huzidisha mlio mzito, nikaziinua juu ya matofali zifike urefu wa kichwa cha mtu aliyekaa. Haji akatandika mazulia, wanawe wakapachika mapazia. Kila nilipogusa kitufe Mama Halkano aliinua mkono au kuushusha. Tulianza na maneno ya sinema, kama ulivyotaka, kisha ngoma, kisha tena maneno. Kulikuwa na mahali alikunja uso, nikapunguza sauti nyembamba, na mimi kwangu yale mazungumzo yakazama kabisa ndani ya blanketi. Ilikuwa vigumu kuacha kitufe pale. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema nimeharibu. Nilimwangalia yeye usoni, uso ukatulia, nikaondoa mkono.

Wageni wa Haji wakacheka mahali pa kucheka. Niliwaona.

Usifikiri nimepona aibu. Sasa mteja mgeni akiingia namwambia kabla hajaanza, "Ongea kwa nguvu, masikio yangu yamechoka." Wengine wanacheka, wawili watatu wamebeba redio zao wakaenda kwa fundi mwingine, na usiku huo silali vizuri. Mama Halkano anarudia maneno ya wale wanaonong'ona. Ananirudia akitazama pembeni, akijifanya anapanga kanda, na mimi najifanya sioni kwamba ni huruma. Daktari wa pale hospitali aliangalia ndani ya masikio na taa yake, akasema kilichokufa humo hakirudi.

Kuna mtu mmoja bado sijamwambia. Ni Kinya, binti yangu wa kwanza. Zamani akitoka shule alikuwa ananihadithia mambo yake yote, na sauti yake ni nyembamba sana, unaijua. Mimi nilikuwa namtazama mdomo na kucheka. Nilifikiri inatosha. Siku hizi hanihadithii tena, anapita kwenda kwa mama yake. Nimemwona akipita, na nimejua kwa nini, nikaona haya kumwita.

Nakuahidi, Galgalo, leo nitamwita. Nitamweka mbele yangu kwenye mwanga, nimwambie baba yake alikuwa hasikii, kwamba hakuwa anamdharau. Kisha nitamwomba anihadithie tena yale yote yaliyonipita, na pale nisiposikia sitacheka. Nitamwambia, rudia.

Lala kwa amani, ndugu yangu. Nagaa, amani, kama mnavyosema kwenu.

Mwenzako,
Kirimi