Mate kwenye moteri ya komanda

Mwadi, uko? Wamemupiga kaka yangu Amuri pale garaje. Komanda mwenyewe.

Unajua alikuwa anamutengenezea ile kwadi yake, pikipiki ya magurudumu ine. Akaweka pistoni mupya, akamwambia: mukubwa, moteri hii inapozwa na upepo tu, haina maji. Siku za kwanza utembeze polepole, usimame, ipoe.

Leo komanda akaja, akaizungusha kwa nguvu kwenye parcelle, ule uwanja wa garaje, mpaka ikanuka.

Na wewe unajua namna Amuri anapimaka joto. Anatema mate kwenye silenda. Yakikauka polepole, iko muzuri. Yakirukaruka, unazima.

Akatema. Mate, Mwadi. Mbele ya walinzi.

Komanda: "Unatemea kitu yangu mate?" Amuri hajamaliza kueleza, kitako cha bunduki kikamuvunja meno. Kisha komanda akamushika viganja vyote viwili, akavigandamiza pale kwenye silenda. "Basi pima na mikono." Hakuviachilia. Ngozi ililia kama nyama kwenye mafuta, na hakuviachilia.

Na Amuri, damu kinywani, anasema nini? "Iko moto sana, mukubwa. Usiende."

Akaenda, mbio, njia ya Lokandu. Moteri ikakwama, magurudumu ya nyuma yakasimama gafula, kwadi ikamurusha. Amekufa.

Sasa walinzi wanasema mate ndiyo yalimuloga. Wanapita nyumba kwa nyumba wakimutafuta.

Amuri yuko kwa mulango wako wa nyuma. Hana mikono ya kubisha hodi. Fungua.