Mgomba Uliozikwa kwa Jina Lako

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua salamu hii unaipokea shingo upande, lakini mtoto hana mlango mwingine wa kuingilia kwa baba yake. Mkono wa Mama unaendeleaje? Tumpe aliniambia bado umevimba tangu alipoanguka sokoni siku ile. Naomba asibebe ndoo kwa mkono huo, hata akisema umepona, Mama tunamjua. Na wewe, presha imeshuka? Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi ndio haupatikani.

Nimekupigia simu wiki nzima hukupokea, na sikulaumu. Jana dada Tumpe ndiye aliyepiga. Akasema, "Kaka, Baba hataki maelezo mengi. Anauliza kitu kimoja tu: na wewe uliamini?" Nikamwambia hilo nitamjibu Baba kwa maandishi. Ndiyo maana nimekaa na karatasi, na kesho alfajiri nitampa dereva wa basi la Tukuyu barua hii mkononi. Lakini kabla sijajibu, nikueleze jinsi nilivyokuua, maana nasikia kijijini wanasema kuna adui aliyeingilia tovuti ya shule. Adui huyo ni mimi.

Ofisini kwetu, hapa Kinondoni, tunatengeneza tovuti za watu wengi, na hatuandiki kila ukurasa upya. Kinachojirudia, kama kile kichwa cha ukurasa chenye jina na nembo, tunakiandika mara moja kama kiolezo, kisha kila tovuti inakiita inapokihitaji. Ni kama fomu zako za ripoti: maneno yamekwishachapwa, wewe unajaza jina la mwanafunzi tu. Sasa violezo hivyo lazima vipangwe. Vya wote vikae kwenye folda ya wote, na cha mteja mmoja kikae kwenye folda yake. Mimi nilikuwa natupia kila kitu kwenye folda ya wote, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Mwenzangu Salma, binti wa wenye duka wa siku nyingi hapa mjini, alinisema mpaka akachoka. "Braza, wewe unaanika nguo za ndani barazani. Ipo siku utaumbuka." Nacheka, namwambia nitapanga wikiendi. Wikiendi zikaja, zikapita.

Jumatatu ile mwanzilishi na mkuu wa chuo kimoja, mteja wetu, alikuwa amefariki. Bosi akaniambia niweke tanzia juu ya kila ukurasa wa chuo. Nikatengeneza kiolezo chenye utepe mweusi, kinachochukua chenyewe picha na jina la mkuu wa taasisi, na chini yake maneno: "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha kiongozi wetu mpendwa." Nilijiona fundi kwelikweli. Nikasema hiki kitatufaa hata siku nyingine, nikakiweka folda ya wote, na nikakiita kutoka kwenye kichwa kile ambacho kila tovuti inakitumia. Halafu nikaenda kunywa chai.

Baba, kwa chai moja niliua wateja wetu wote. Wa kwanza kufufuka alikuwa mzee mmoja mwenye hoteli kule Msasani. Alipiga simu ofisini anafoka hadi tulio mbali tukamsikia. "Nyie watoto! Mie niko hapa nakunywa kahawa yangu, nani kaniua? Mke wangu kazimia huku!" Salma akaniangalia, kisha akaangalia kompyuta yangu. Akavuta kiti, akakiondoa kile kiolezo, na palepale tukajua kwamba kama mzee wa Msasani yu hai, basi na wewe u hai. Shule yako ni sisi tulioitengenezea tovuti. Kwenye nafasi ya mkuu wa shule, jina lako na picha ile ya suti ya kijivu niliviweka mimi, na nilijivuna siku ile.

Nikapiga simu nyumbani, lakini huko kwetu maji yalikwishamwagika, waliopokea wakasema ni uchungu unanisemesha. Tumpe amenisimulia yote. Ulikuwa umeondoka asubuhi na bodaboda kwenda mkutanoni Mbeya, na simu umeizima. Katibu wa shule alipofungua ukurasa akapiga yowe, na watu wakajimalizia wenyewe kwamba ni ajali. Mama akaikuta habari sokoni. Baba Mdogo, ambaye hana haraka kwa jambo lolote la heri, akachukua jembe na vijana wake wakaenda nyuma ya nyumba. Uliporudi jioni na mkate mkononi, ukakuta maturubai na kilio nyumbani kwako, na wanawake uliowafundisha kusoma wanakukimbia. Na kwa kuwa kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, wazee wakakata mgomba wakauzika kwa jina lako. Tumpe anasema ulisimama kofia mkononi mpaka wakamaliza, na tangu hapo huipiti njia ile ya nyuma.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Aibu ya ofisini nitaizoea. Bosi hajanifukuza, ila ananiangalia tu. Salma tumekaa naye tukapanga upya kila kitu, kila mteja na folda yake, na cha wote ni kile ambacho hata kikimfikia kila mtu hakimdhuru yeyote. Lakini wewe nimekusimamisha juu ya kaburi lako, Baba.

Sasa swali lako.

Ndiyo. Niliamini. Kabla mzee wa Msasani hajapiga simu, nilikuwa kwa mama ntilie, chapati mkononi, picha ya ukurasa ule ikaingia kwenye kundi la ukoo. Maneno yale nilikuwa nimeyaandika mimi. Utepe ule nilikuwa nimeuchora mimi, asubuhi hiyohiyo. Mtu mwingine angeshtuka akasema, ah, hiki si kiolezo changu kimepotea njia? Mimi nilikaa chini vumbini nikalia, mpaka Salma akaja kuniinua.

Nilitafuta kichwani kitu kimoja cha kunihakikishia kwamba u hai, nikakosa. Nikafungua ujumbe wetu kwenye simu. Upande wangu, kila mwisho wa mwezi: "Shikamoo Baba, natumaini hamjambo. Kazi zimenibana, nitapiga." Maneno yaleyale. Nimeyahifadhi, Baba. Nabadilisha tu Baba, Mama, Shangazi, na mara moja nilisahau hata kubadilisha, nikakuamkia wewe Shangazi. Upande wako hakuna jibu linalofanana na jingine. Ng'ombe amezaa dume. Upepo umeezua darasa la kidato cha pili. Mama yako ameng'oa jino, sasa anacheka huku kaziba mdomo. Nilipata kizunguzungu kanisani, lakini si kitu.

Hilo la kizunguzungu sikulijibu. Nilikutumia tena yale maneno yangu. Mtoto anayezungumza na baba yake angejua kwamba tanzia ile ni ya uongo.

Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa nitapanda basi. Usije kunipokea stendi. Nitapita njia ya nyuma, nitakaa pale kwenye mgomba, na ukiona vema utanikuta hapo. Usipokuja, nitaelewa, nitaingia kumsalimia Mama.

Nisalimie Mama, na umwambie mkono wake nauomba radhi. Msalimie Tumpe aliyetubebea maneno yetu, na Baba Mdogo, na ukiweza umfichie lile jembe. Katibu wa shule mwambie hana kosa, aliamini alichoandikiwa. Shangazi nitamwandikia barua yake mwenyewe.

Hii yako nimeiandika na kuichana mara kadhaa. Ina makosa, imefutwafutwa, na haimfai mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Ambakisye