Manjanja Mapya na Telefoni ya Waridi

Nilikuwa nimefika pale pa manjanja, Mama Apolline, mbuzi ya jirani ikaingia ikakula karatasi, kwa hiyo salamu yote nilikuandikia jana iko mu tumbo ya mbuzi, leo siirudilii, naendelea tu na habari, maana habari njo inanichoma. Nisaidie, mama wa redio, mbele sijapasuka.

Mimi ni mama mumoja wa huku njia ya Kabambare, usitaje jina yangu, sema tu ile mama mwenye bwana yake anashona viatu pembeni ya soko, ile ya kicheko kikubwa, inatosha. Mutoto wangu Émérance aliolewa Kindu, mwezi uliopita akazaa mutoto mwanamuke, akanipigia ku ile telefoni yangu ndogo ya kubonyeza, ananiambia, «Mama, mutoto amechukua masikio yako!» Nikacheka mupaka machozi, juu masikio yangu, mama, tangu niko mudogo watu wanasema siku moja upepo utanibeba. Nikasema hapana, hii siyo habari ya kuambiwa, ni ya kuona na macho. Basi nikaenda kwa Régina, mwenzangu wa kwaya, yeye iko na telefoni kubwa, akaniingiza mu kundi ya WhatsApp yenye watu wanauzishia vitu, na pale kulikuwa mwanamuke mumoja wa Kasongo, Waridi, sijawahi kumuona sura, anaweka picha za telefoni, unachagua, unatuma pesa, Clovis wa pikipiki anakuletea mupaka ku mulango. Nikachagua ya bluu.

Sasa uelewe vile nyumba yetu iko. Ku nguzo ya ndani, karibu na dirisha, kuko musumari mumoja, na telefoni ya kwetu inakaa pale pale, juu pale njo rezo, ule mutandao, ilikuwa inafika, ukiitosha tu pale, rezo imekufa. Kuongea tunaongea tumesimama, kichwa imelala ku nguzo kama mutu anatubu. Miaka yote ni vile. Na ile wiki ya telefoni, Magloire bwana yangu akatosha majani yote juu ya nyumba, akaweka manjanja mapya, mabati yenye kung'aa, mama, ukipita njia jua inakupiga mu macho, mimi nilicheza mu nyumba mupaka kitanda ikahama, sikuwa na akili ya kuangalia kama ile telefoni ndogo inalia ao hailii.

Clovis akafika na ya bluu. Nikatia kadi yangu, nikaitundika ku musumari na kamba ya hariri. Hakuna rezo. Nikaigeuza. Nikapanda ku kiti, nikapanda ku kitanda, nikaipeleka karibu na manjanja kabisa nikifikiri juu njo kuzuri. Hakuna. Siku mbili. Kutembea nayo inje niliogopa, telefoni mupya vile, wezi waione? Nikaifunga mu kitambaa, nikaenda kwa Régina na kinywa tu, na hasira, nikamwambia finya pale pa kuongelea, nikatuma sauti mu kundi: «Dada zangu, musinunue kwa Waridi wa Kasongo, anauzisha telefoni zenye masikio imekufa!» Watu wakacheka, wakaweka zile sura za kucheka machozi, mimi nikiona watu wanacheka sijui kusimama, nikatuma ingine. Kesho yake nikaieleza mu soko na mikono na miguu, mama mumoja akamwanga mafuta juu ya kucheka.

Waridi hakunitukana. Alijibu tu, «Mama, kama haikupendezi umupatie Clovis, nitakurudishia pesa yako yote.» Na akarudisha, yote, haikupunguka. Nikasema ona, nimemuweza.

Sasa nikarudisha kadi mu telefoni ndogo, nikaitundika ku musumari wake. Kimya. Nikasema eh, Waridi ameloga mupaka kadi! Nikaitia ku kiuno mu kitenge, nikatoka inje kumenya mihogo chini ya muchungwa, na mama, pale pale kiuno ikaanza kulia, tirri, tirri, tirri, nikarusha kisu. Habari za siku nyingi zilikuwa zimesimama inje zinaningojea, nne za Émérance, mbili za Waridi. Nikainua macho. Manjanja inanichekea.

Nikamuita Magloire. Akachukua telefoni, akaingia mu nyumba, akatoka, akaingia, akatoka, kama mutu anapima kiwanja. Kisha akakaa.

«Ni manjanja,» anasema.

«Manjanja inafanya nini?»

«Inafunga rezo, haipiti.»

«Sasa tufanye nini, baba Émérance?»

«Tunyamaze. Pesa imerudi, mvua haiingii, muchungwa uko na rezo. Unatafuta nini tena? Ukisema, watu watanicheka mimi, watasema Magloire ameezeka nyumba mupaka amefungia bibi yake dunia.»

Na kweli, mama, kuhusu mambo mengi roho yangu iko nyepesi. Tulilala mvua kubwa ya juzi bila kutega sahani hata moja, na muchungwa kumbe uko na rezo kuliko musumari. Lakini ile habari ya pili ya Waridi inasema hivi, nimeisoma mupaka naijua: «Mama, telefoni imefika, hapa kwangu inashika vizuri. Uniambie tu, huko ilikuwa namna gani? Watu wananiuliza, sijui niwajibu nini.» Ni wiki mbili sasa. Sijajibu. Clovis ananiambia mu soko ya Kasongo wanamuita Mama Masikio, mupaka watoto, na hakuna mutu anaagiza kwake tena, anasema labda atarudi Nyangwe kulima na mama yake. Vile Clovis alisema Mama Masikio nilicheka, juu ni jina ya kuchekesha, kisha nikakumbuka ile jina ilitoka mu kinywa yangu, na kati yetu wawili mwenye masikio ni mimi.

Mimi ni mutu wa habari, sikatai, lakini muongo hapana. Na hii nayo siyo uongo, si ndiyo? Nilisema yenye niliona. Ao? Na mujukuu sijamuona mupaka leo, na ile ya bluu bado naitaka, lakini nitaiomba na sura gani? Nimusikilize Magloire ninyamaze, ao nis

Clovis iko nje anapiga honi, anasema mama leta barua, mvua inakuja, naenda, ninge

JIBU LA MAMA APOLLINE

Mama yangu, Clovis amenifikishia barua, imelowa pembeni lakini inasomeka. Uliniomba nisitaje jina yako, na sikuitaja. Lakini umetaja viatu, umetaja kicheko, umetaja manjanja yenye kung'aa, na nimesoma barua yako yote hewani. Kwa hiyo saa hii, kutoka Kasongo mpaka huko kwenu, watu wanatazama nyumba moja tu. Usikasirike. Nusu ya kazi nimekusaidia kumaliza.

Unaniuliza kama ulisema uongo. Siku ya kwanza, hapana, ulikosea. Mtu anaweza kukosea, musumari ule ulikufundisha vibaya miaka yote. Lakini tangu siku ile kiuno chako kililia chini ya muchungwa, unajua. Wiki mbili unajua, na mwenzako anatafuta cha kujibu watu. Kinywa chako ambacho hakipumziki hata kanisani, kimepumzika hapa tu? Hapo ndipo nakukatalia, mama.

Nimempigia Waridi kwa simu. Sikumwambia ni nani, ingawa alijua mwenyewe, nilimwambia tu habari ya manjanja. Akaanza kucheka na kulia pamoja. Akaniambia kila asubuhi anaifungua ile karto ya telefoni, anaiwasha ya bluu, inashika, anaizima, na hajui arekebishe nini. Alikuwa ameanza kufikiri kweli ni yeye anauza vitu vibaya bila kujua. Basi, hata ukichelewa, jibu lako lilikuwa dawa ya mtu, na wewe ulilifunga kwenye kitenge.

Sasa sikiliza, na usifanye nusu. Leo, si kesho, nenda kwa Régina. Kundi lile lile, sauti ile ile, na isiwe fupi kuliko ya kwanza. Usiseme «kama nilikosea, munisamehe», hiyo «kama» uiache nyumbani. Sema: telefoni ilikuwa nzima, nyumba yangu ndiyo ilifunga. Kisha soko. Ulieleza na mikono na miguu, basi eleza tena na mikono na miguu, panda hata kwenye meza ya mihogo kama ulivyopanda kwenye kitanda, watu wacheke, lakini safari hii wakucheke wewe. Umekomaa, utavumilia. Na ukisikia mtoto anasema Mama Masikio, mwite, umwambie jina lake ni Waridi. Hata kama ni mara kumi kwa siku.

Wewe Magloire, najua unasikiliza, redio iko karibu na sindano yako ya viatu. Baba, nyumba isiyovuja haina aibu. Mabibi wengi wanaosikiliza saa hii wanatazama majani ya juu yao na wanawatazama mabwana zao. Usimfunge bibi yako kinywa kwa ajili ya kulinda sifa yako. Chukua musumari ule, ung'oe, uupigilie kwenye muchungwa, na uweke kibao kidogo juu, mvua isiingie kwenye telefoni.

Na wewe mama, ile ya bluu haijanunuliwa. Waridi amesema atakuwekea mpaka Alhamisi, Clovis atakapopita tena huko, na safari ya Nyangwe ameisimamisha. Pesa ya pikipiki, safari hii utalipa wewe. Usibishane.

Ikifika, usiingie nayo ndani. Simama chini ya muchungwa, piga kwa Émérance kwa video, mwambie akufungulie mtoto kitambaa cha kichwa, na uyaone mwenyewe hayo masikio.